Mtoto asiye na mjomba

Juzi kati nimegombana na mama lishe wetu hapa Chikongola, Mtwara, kisa maiti aliyeshonwa. Sio ugomvi wa kununiana, ni ule wa kubishana mpaka chapati zinapoa, na mpaka leo nikipita pale kufuata maharage ananikaribisha "karibu msomi" kwa ile sauti ambayo unajua kabisa hapo hujasifiwa.

Kwa msionijua, mi nina kaduka ka steshenari, natoa kopi, naprinti barua za kuomba kazi, nalamineti vyeti vya kuzaliwa. Ukuta mmoja na mimi kuna dogo anajaza muvi kwenye flashi (zimefikaje kwake msiniulize, mi natoa kopi tu), kwahiyo siku nzima nasikia watu wanaagiza. Na siku hizi nusu ya muvi na sizoni wanazozililia mi nazijua kama vitabu, ila wao hakuna anayetaja jina. "Dogo nipe ile ya minyoo ya mchangani." "Ile sizoni ya wanaoongea na sayari ingine." "Nataka ile jamaa kashonwashonwa, wapo kwenye barafu." Mi niko na mashine yangu natamani kupiga kelele kwamba hiyo ya minyoo ni Dune, kitabu cha 1965, kaandika Frank Herbert, wachapishaji zaidi ya 20 walikikataa mpaka kikaja kuokotwa na kampuni iliyozoeleka kwa vitabu vya ufundi wa magari. Kuna fundi mmoja wa bodaboda nilimpa hiyo habari, na hicho cha ufundi wa magari ndo kitu pekee kwenye Dune nzima kilichomgusa.

Dune ya pili, ile ya 2024, nimeiona mara mbili. Mara ya kwanza peke yangu kwenye simu, mara ya pili kwenye kibanda umiza kule Rahaleo, ikiwa imeshasimuliwa kwa Kiswahili. Sisi tuliokulia kwenye kanda za Lufufu tunajua raha yake, msimuliaji hakai pembeni akatafsiri kama mkalimani wa mahakamani, anaingia ndani ya muvi na wewe, anamuonya steringi kwamba nyuma yako kuna mtu, jambazi anampa jina la mtaani, mapenzi yakizidi anakohoa. Mbele yangu alikaa mzee mmoja ustadhi wa madrasa, nadhani alikuwa anasubiri mechi. Ikafika pale watu wa jangwani wanaanza kumwita yule kijana Paul, steringi wa muvi, Mahdi. Mzee akageuka.

"Wamesema nani?"

"Mahdi, shehe."

Akanyamaza. Ikaja Lisan al-Gaib, na msimuliaji wala hakuhangaika, akasema "ulimi wa ghaibu" akapita zake, sasa ahangaike na nini wakati ghaibu ni neno tunalo humuhumu. Mzee akavuta uradi, akasema astaghfirullah, lakini hakutoka, alikaa mpaka taa zinawashwa na mechi yake nadhani aliisahau. Msomaji wa Marekani hayo maneno anakutana nayo kama maajabu ya sayari ya mbali, Herbert aliyachota kwenye Kiarabu ili yasikike ya mbali, sisi huku yametukuta mlangoni tumekaa. Na kitabuni kuna neno jihadi limetapakaa kila mahali, kwenye muvi wamelificha wakaweka "vita takatifu", naelewa kwanini, ila ukilificha neno hilo mbele ya mzee kama yule unakuwa hujamficha kitu.

Halafu kuna hili, kwenye muvi wale wa kaskazini akina Chani, mpenzi wa Paul, hawaamini habari za mkombozi, wanaoamini mpaka wanatetemeka ni watu wa kusini. Banda zima likacheka. Sauti ya nyuma kule ikasema "haya tumeshatukanwa tena". Na ile sayari yenyewe, kuna mali mchangani kila mkubwa anaitaka, wenyeji wanaikanyaga kwa miguu na maji ya kunywa wanapimiana, basi kwa watu wanaojua gesi ya Mnazi Bay na bomba lililozinduliwa 2015 kuipeleka Dar hapo hapahitaji ufafanuzi. Msimuliaji hakufafanua. Alinyamaza kama dakika nzima, kitu ambacho hao watu hawafanyagi, na mi nadhani alifanya makusudi.

Sasa nikiri kitu. Mara ya kwanza ile peke yangu niliichukia. Kitabuni kuna miaka inaruka katikati, mdogo wake Paul anazaliwa, anaitwa Alia, katoto kadogo kanakoongea kama bibi kizee, na ndo kenyewe kanamuua yule Baron mnene kwa sindano ya sumu. Muongozaji Denis Villeneuve kafuta yote hayo, mtoto kabaki tumboni muvi nzima, Baron anauawa na Paul mwenyewe. Nikasema hawa wameogopa katoto. Kule Rahaleo ndo nikaelewa walichokuwa wanakitafuta, maana Herbert alilalamika watu walimsoma Paul kama shujaa wakati yeye alikuwa anawaonya kuhusu mashujaa, ikabidi 1969 aandike kitabu cha pili kukazia. Muvi haikusubiri kitabu cha pili. Inamaliza na uso wa Chani, kakasirika, anaondoka zake jangwani, na kibanda kizima watu wazima wamegawanyika mara mbili wanabishana kama huyu Paul ni mtume au tapeli. Katoto kamekufa ila swali lipo, nikamsamehe.

Hiyo sizoni ya sayari ingine, The Three-Body Problem kwa jina la kitabu, sitaiongelea sana. Liu Cixin aliandika mambo ya China, mtu anapitia Mapinduzi ya Utamaduni, baba yake anauawa mbele yake jukwaani, anakata tamaa na binadamu wote mpaka anawaita wageni wa angani waje. Netflix 2024 wameubakiza mwanzo ule wa China halafu habari iliyobaki wameihamishia Uingereza, wahusika wa vitabuni wamewapangua wakatoka marafiki watano wazuri wazuri waliosoma Oxford. Mwanzo unakukaba koo, baadae unaangalia vijana wanaachana na kurudiana. Wachina wenyewe walishaitoa ya kwao 2023, vipande 30, polepole kama mkokoteni, na mi niko upande wa mkokoteni.

Ila nikiongelea kuhamisha vitu lazima niseme la mjusi, nisiposema ndugu zangu wa Lindi hawatanielewa. Jurassic Park ilianza kama kitabu, Michael Crichton 1990, muvi 1993, na mpaka 2025 bado wanaitolea zingine. Unakumbuka ile ya kwanza pale gari linasimama, yule bwana anamgeuza mwenzie kichwa kwa mkono aangalie, halafu shingo inapanda, inapanda, mpaka kwenye majani ya juu kabisa? Yule mnyama anaitwa Brachiosaurus na wa kwanza kabisa alichimbwa Marekani, ila mifupa iliyowapa wataalamu umbo kamili, kichwa na ile shingo, kwa sehemu kubwa ni ya Tendaguru, hapo Lindi. Wajerumani walichimba 1909 mpaka 1913, wazee wetu wakabeba mifupa vichwani na mabegani kwa miguu mpaka Lindi bandarini, tani na tani, na msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye kuna mjusi mmoja wa hapohapo wanasayansi walikuja kumpa jina lake 2007. Mwenyewe mkubwa amesimama Berlin, urefu zaidi ya mita 13, siku hizi wanamwita Giraffatitan. Nilikuwa na mpwa wangu tunaiangalia, ana miaka tisa, nikamwambia yule shingo yake imetoka Lindi. Akaniuliza, "Mjomba, kwahiyo alipanda basi?"

Sina la kuongeza hapo.

Kuna siku binti mmoja wa sekondari aliniletea Kusadikika nimtolee kopi kurasa kadhaa (sawa, mimi pia sio malaika), mashine ikagoma, nikawa nasoma huku nachomoa karatasi iliyokwama. Jamani. Shaaban Robert 1951, nchi nzima inaelea hewani. Nchi hewani! Mtu anaitwa Karama yuko kizimbani, waziri anaitwa Majivuno kamshtaki kisa kafundisha sheria, na Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita, kila mmoja alitumwa upande wake, pande nne za dunia, mmoja mbinguni mmoja ardhini, wanarudi na habari nzuri za walikofika wanaishia kutupwa gerezani. Hiyo ni sizoni ya vipande sita imeshakatwa tayari, huhitaji hata mwandishi wa skripti, mahakama inakuwa ndo uzi na kila kipande ni safari moja na dunia moja mpya. Sisi tukamfanyia nini? Tukampa kidato cha tatu, "taja na ueleze dhamira tano". Na usiniambie hatuwezi, Amil Shivji kaichukua Vuta N'Kuvute ya Shafi Adam Shafi akaitoa muvi 2021, ikaenda mpaka Toronto. Mi ile kwenye kibanda cha huku sijawahi kuikuta, na dogo nimemuuliza mara tatu, anasema haiulizwi. Haiulizwi kwa sababu haipo, haipo kwa sababu haiulizwi, haya.

Haya, mama lishe.

Ilikuwa msimu wa korosho umeshachanganya, mji una hela, barabara inanuka mabibo, na pale kwa mama mchana ukishapita anapata kama saa moja na nusu ya kupumua. Ana kitivii kidogo juu ya kabati la vyombo. Mi nilikuwa na Frankenstein kwenye flashi, ile ya Guillermo del Toro ya 2025, nikamwambia mama leo nakuwekea ya maana. Nilijipa kazi ya usimuliaji mwenyewe. Kitabu ninacho, nimekinunua kwenye mitumba ya vitabu, kimetoka jalada, na Kiingereza cha 1818 sio cha mchezo, miezi minne nilikuwa nacho, kwahiyo nilijiona nina haki.

Tukaanza vizuri. Victor anakusanya vipande vya maiti, anashona, umeme wa radi unapiga, kiumbe kinafungua macho. Wateja wawili wa bodaboda wameacha sahani zao. Mama kashika mwiko tu. Halafu Victor, badala ya kufurahi na alichokitafuta miaka yote, anamfunga mnyororo chini kule, anamfokea kwa sababu hajui neno lingine zaidi ya "Victor", mwishowe anawasha moto jengo zima anaondoka.

"Kaenda wapi?"

"Kamkimbia, mama."

"Hamkimbii jini huyo," mama akasema. "Kakimbia malezi. Hao tunao. Korosho zikiuzwa anaoa, korosho zikiisha humuoni."

Bodaboda wakacheka, mmoja alicheka kidogo kuliko mwenzie.

Nikajaribu kurudi kwenye muvi, nikawa naeleza kwamba huyo kiumbe hata jina hana, watu wengi duniani wanakosea wanamwita Frankenstein kumbe hilo ni jina la aliyemtengeneza. Mama hakuwa hapo.

"Mama yake nani?"

"Hana mama. Katengenezwa."

"Kwahiyo hana mjomba."

Nikabaki mdomo wazi. Kwa wasomaji wa mbali, huku kwetu, Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, kiasili ukoo unapita kwa mama, mjomba ndo mwenye neno lake kwenye jando, kwenye posa, kwenye msiba. Mtu akikuudhi sana mnauliza, huyu wajomba zake wako wapi? Na nimesoma maelezo mengi ya wazungu kuhusu hicho kitabu, sayansi iliyovuka mpaka, mtu kujifanya Mungu, sijui nini, ila hakuna niliyemkuta kauliza la mjomba. Wakati ukiangalia aliyekiandika lipo wazi. Mary Shelley mama yake alikufa siku chache tu baada ya kumzaa, 1797. 1815 yeye mwenyewe kazaa mtoto njiti, akafa. Mwaka uliofuata ana miaka 18 yuko Uswisi kwenye mvua isiyoisha, akaanza kuandika habari ya kiumbe kilichokuja duniani bila mama. Nikamwambia mama lishe hayo yote. Akaweka mwiko chini, akasema "maskini ya Mungu," akaniambia nirudishe nyuma kidogo kuna mahali hakupaona vizuri.

Ugomvi ulianza pale nilipotaka kuwa mkweli. Maana del Toro kamuosha huyo kiumbe. Kitabuni kiumbe anamuua William, mdogo wake Victor, mtoto kabisa, anamkaba kwa mikono, halafu ananyongwa binti wa kazi asiye na kosa, Justine. Anamuua rafiki wa Victor. Anamuua Elizabeth usiku wa harusi. Kwenye muvi William ni mtu mzima, Elizabeth ni mchumba wa huyo William, na anayempiga risasi ni Victor mwenyewe akimlenga kiumbe. Lawama kubwa wameipeleka kwa baba. Na mi hapo ndo nina kinyongo, kwa sababu utamu mchungu wa kile kitabu ni kwamba unamuonea huruma mtu huku unajua kaua mtoto, na Mary alimpa huyo mtoto jina la William, jina lilelile la mwanae mwenyewe aliyekuwa bado mdogo wakati anaandika. Hebu fikiria mkono wa mama unaandika hivyo. Muvi imekupunguzia huo mzigo, unalia tu unafuta machozi unaenda zako. Nikasimamisha muvi nikaeleza haya kwa kirefu.

"Nani kakuuliza?" mama akasema.

Mmoja wa bodaboda akasema bro acha iendelee.

Ikaendelea. Mzee kipofu kamfundisha kiumbe kusoma, mbwa mwitu, damu, tukarudi kwenye meli iliyonasa kwenye barafu, Victor yuko kitandani anakata roho, kiumbe kafika mlangoni anamwangalia, na hapohapo umeme ukakatika.

Sijui kama mshawahi kuona mtu kaangalia tivii iliyozima kwa hasira vile. Tulikaa kama dakika kumi. Bodaboda wakapigiwa simu wakaondoka, mmoja akarudi kuuliza kama umerudi. Mama akanigeukia.

"Wewe si umesoma? Malizia."

Nikamalizia. Na hapa nilikuwa na njia mbili, ningeweza kubuni kitu cha kumfurahisha, ila nikasema hapana, leo huyu mama atapata kitabu. Nikamwambia Victor kabla hajafa anasema kajichunguza maisha yake yote na haoni kama ana lawama. Hivyo ndo ilivyoandikwa. Anakufa. Kiumbe anaingia, anamlilia, anasema ataenda mwisho wa dunia kwenye barafu akajichome moto mwenyewe majivu yapotee, anaruka dirishani, mawimbi yanamchukua gizani. Basi.

"Basi?"

"Basi."

"Hajamuomba msamaha?"

"Hajamuomba."

"Mtoto anaenda kujichoma moto, baba kafa hajasema hata pole mwanangu." Alikuwa ananiangalia kama kitabu nimekiandika mimi. "Hapana. Huyo hajafa bado. Nenda katafute, kuna mahali hujasoma." Nikamwambia mama nimesoma mpaka ukurasa wa mwisho. Akasema basi aliyeandika alikuwa na uchungu, usiku ule hakulala, angelala angeandika vingine. Nikasema ndo maana kimeishi miaka 200. Akasema hata ukoma umeishi. Hapo ndo chapati zilipoa.

Umeme ulirudi jioni tunakaribia kufunga. Nikapitishiwa ujumbe niende na flashi. Nikaenda, nikasogeza pale palipoishia, mi mwenyewe ile muvi nilikuwa sijaimaliza, nilikuwa najiamini na kitabu tu. Victor yuko kitandani. Anamwita kiumbe mwanangu. Anamuomba msamaha. Kiumbe anamsamehe, baba anakufa, mtoto anashuka kwenye barafu anaisukuma meli nzima kwa mabega mpaka inachomoka, halafu anabaki peke yake jua linamchomozea usoni.

Mama hakusema kitu. Alikunja mikono kifuani, akaniangalia mimi, sio tivii, mpaka majina yakaanza kupanda. Mi nikaanza kusema kwamba kisanii mwisho wa kitabu una nguvu zaidi kwa sababu, akainua kidole, nikanyamaza.

"Huyo mama aliyeandika," akasema, "alipata mtoto mwingine?"

Nikamwambia alizaa wanne kwa jumla, watatu wakafa, huyo William alimzika Roma ana miaka mitatu. Mmoja wa kiume alizaliwa 1819 akakua, ndo alikuwa na mama yake mpaka anazeeka.

"Alhamdulillah," akasema, akanidai hela ya chai mbili, na mi nilikunywa moja.